Watoto Waliotekwa na Mtani

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba sisi tulisaidiwa, huwa namwuliza: tulisaidiwa na nani, na lini? Nayakumbuka mambo yalivyofuatana. Kwanza tulikimbiwa. Halafu tukaandikiwa barua. Halafu tukatafutiwa pa kupelekwa. Msaada ulikuja mwisho kabisa, tena ulikuja kwa kuvutwa masikio.

Mama yangu alikuwa na kifafa. Nakitaja wazi kwa sababu utotoni kwangu neno hilo halikutamkwa. Watu walisema "ana yale mambo yake", kisha wakatema mate pembeni. Alianguka mara moja au mbili kwa mwezi, na majira ya baridi, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba na kukaa siku tatu bila kuondoka, alianguka zaidi. Siku nyingine zote alikuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko wote niliopata kuwaona. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi aliupanda kwa kufikiri, naye alililima peke yake, mtoto mgongoni, huku akibishana kwa sauti na mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde. Tulikuwa watoto watatu. Mimi wa kwanza, msichana wa miaka kumi hivi. Mdogo wangu wa kike alikuwa wa miaka sita, na kitinda mimba, wa kiume, bado alibebwa.

Baba alikuwa mpasua mbao huko Magamba. Yeye alisimama juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, wakivutana msumeno kutwa nzima. Siku moja mti wa mkulo waliokuwa wakiukata uliangukia upande ambao haukutazamiwa, na baba akarudishwa nyumbani kwa machela ya fito.

Kwenye mazishi yake ndipo nilipomfahamu vizuri dresa. Wakati ule mganga wa zahanati ya serikali tulimwita hivyo, dresa. Alikuwa Mzigua wa kule chini tambarare, mrefu, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hata siku ya mvua, na ukoo wake na ukoo wa baba walikuwa watani tangu enzi za mababu. Anayejua utani hahitaji kuelezwa. Asiyeujua na ajue hivi: mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani, kuchukua kuku wako mbele ya macho yako, kuteka kitu chochote cha nyumba na kukataa kukirudisha mpaka umkomboe kwa atakachotaka. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeaibika wewe na ukoo wako. Basi siku ile, watu wakilia, dresa aliingia kaburini, akajilaza, akasema shimo ni zuri na hatoki, marehemu akatafute jingine. Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilimchukia kwa muda, kisha nikaona hata mama anacheka, nikamsamehe.

Baada ya arobaini, wakubwa wa ukoo walimwuliza mama kama atakubali kurithiwa na kaka yake baba. Mama alisema ng'o. Alisema ana jembe na ana mikono, mume hamhitaji, na kama ni wa kumsaidia kulima basi aje alime, hazuiwi. Baba mkubwa hakuja kulima. Nadhani alifurahi kukataliwa, maana alikiogopa kifafa kuliko alivyomwogopa chui, lakini jibu lilimkaa rohoni. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na macho, na macho yale yaliitazama sana migomba yetu.

Moto ulitokea asubuhi moja. Mama alikuwa anapika uji, kitinda mimba yuko mgongoni, mimi niko nje nachambua maharage. Nikasikia chungu kinapasuka. Nilipoingia mama alikuwa ameangukia mafigani, mkono wake wa kushoto uko ndani ya makaa, unarukaruka, na mguu wa mtoto uko pale pale. Nilipiga yowe. Walikuja. Nataka mjue kwamba walikuja, watu sita au saba, kwa sababu kijijini kwetu yowe halipuuzwi. Wakafika mlangoni wakasimama. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, alikuwa mbele na jembe begani. Akasema, "Usimguse, mwanangu! Povu! Likikuingia na wewe umekwisha!"

Waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, kifafa kinahamia kwako. Wote waliliamini, Waislamu na Wakristo, aliyesoma na asiyesoma. Mimi pia niliamini. Niliamini nikamvuta hivyo hivyo, kwa miguu, povu likanipaka tumbo zima, na mama alikuwa mzito, na hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti. Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza. Nimekula nao, nimezika nao, nimecheza ngoma harusini kwao, lakini sijaimaliza.

Dresa alitufunga madonda siku nyingi. Mkono wa mama ulipona na makovu, vidole viwili vikabaki vimekunjwa. Mguu wa mtoto ulipona vizuri. Na kwa kuwa dresa alikuwa mtu wa kazi yake, aliandika barua kwa Bwana Shauri, yule mzungu wa ofisi ya Lushoto aliyesikiliza mashauri ya wenyeji. Miaka mingi baadaye aliniambia mwenyewe alichoandika: kwamba kuna mjane mgonjwa mwenye watoto watatu, mtoto ameungua, familia isaidiwe. Basi. Lakini barua ikishatoka mkononi haina bwana. Bwana Shauri alisoma "mtoto ameungua", akaona hatari. Akaandikia misheni. Misheni ikajibu kwamba wana nyumba ya watoto, mbali, unashuka Mombo unapanda treni, na nafasi tatu zipo. Zumbe, mkuu wa kijiji chetu, akaulizwa kama ukoo unaridhia. Zumbe akamwuliza baba mkubwa, na baba mkubwa akaweka dole gumba. Kila mmoja alifanya jambo moja dogo, la haki kabisa machoni pake, na hakuna aliyepanda mlima kumwuliza mama.

Aliyetuletea habari ni sista wa misheni, mzungu mwenye mashavu mekundu aliyezungumza Kiswahili cha kwenye kitabu. Alituletea sweta tatu alizofuma mwenyewe. Alieleza taratibu kwamba tutakwenda kukaa mahali penye vitanda, shule na maziwa, na mama atapumzika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamkaribisha viazi. Kisha akasema, "Sista, wewe una watoto wangapi?"

"Sina, mama."

"Basi nikikwambia utaelewa kidogo tu. Sweta nitapokea, asante, baridi ni kali. Watoto hawaendi."

"Lakini ukianguka tena motoni?"

"Nikianguka, nitolewe. Watu wamejaa hapa. Waulize kwa nini hawakunitoa."

 Nilimwona sista akiangalia huku na huku kwenye nyumba za jirani, na nafikiri wakati ule ule alianza kufikiri upya, ingawa tarehe ya baraza la kuamua habari zetu ilikuwa imeshapangwa.

Baraza lilikaa nje ya ofisi ya zumbe. Bwana Shauri alipewa kiti, karani wake mkalimani akasimama kando, zumbe akakaa katikati, na sisi watatu tukawekwa mbele na sweta zetu. Mama aliambiwa akae nyuma na wanawake. Hakukaa. Alisimama.

Baba mkubwa aliitwa kusema kwa niaba ya ukoo, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa upande wa baba na asemaye kwa ajili yake ni mkubwa wa upande huo. Alisema vizuri. Alisema anatupenda, sisi ni damu ya ndugu yake, lakini mama yetu ni mgonjwa na moto haujui mjane. Watu wakaguna kukubali. Karani akatafsiri, Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa. Niliona tunakwenda. Nilishika mkono wa mdogo wangu mpaka akalia.

Hapo dresa akainuka. Alikuwa ameitwa kutoa ushahidi wa majeraha, na kila mtu alitegemea kusikia habari za majeraha. Akaja moja kwa moja mpaka tulipo, akambeba kitinda mimba kwapani kama mkungu wa ndizi, akanishika mimi shingoni, akasema kwa sauti kubwa, "Hawa nimewateka!"

Zumbe aliinua kichwa.

"Nimewateka mimi, mtani wenu. Ninyi ukoo wa vichwa vigumu, mmezidi uvivu mpaka watoto wenu mnawagawa kama mbegu mbovu! Anayewataka anikomboe. Nataka mbuzi mweupe asiye na mkia, azaliwe Mombo, na awe anasoma gazeti. Mpaka aletwe, hakuna mtoto anayetoka katika nchi hii!"

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Wazee walishika mbavu. Zumbe alijifuta macho kwa shuka. Bwana Shauri akamwuliza karani kuna nini, karani akajaribu kueleza akashindwa, maana naye alikuwa anacheka. Hata mimi, na shingo yangu imebanwa, nilicheka.

Baba mkubwa ndiye peke yake hakucheka. Alitakiwa ajibu matusi kwa matusi, aseme Mzigua gani huyu aliyejifunza kuvaa kaptula jana, kisha aahidi mbuzi wa uongo, mambo yaishe. Mtoto mdogo wa kwetu angejua la kusema. Lakini alikuwa na mzungu mbele yake, na hotuba yake nzuri imeharibiwa, na pengine dhamiri nayo ilikuwa inamchoma. Akamwendea dresa, akampiga mkononi, akasema, "Toka hapa, mshenzi wewe! Hili ni jambo la serikali!"

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja alisema "Eeh!" tu, polepole, na wengine wakainamisha nyuso. Hasira hasara, lakini hii ilikuwa zaidi ya hasara. Mtu amemkasirikia mtani wake, amemwinulia mkono, hadharani.

 Dresa alimtua mtoto, akaniachia shingo, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono kifuani. Alijua alichokuwa anakifanya tangu mwanzo. Alimjua baba mkubwa, kwamba mbele ya wakubwa hana subira, na alikuja kumtega. Nilipomwuliza uzeeni alikataa, akasema ulikuwa utani tu, lakini alikataa huku anacheka.

 Zumbe alisema kwamba mtu aliyemkasirikia mtani hawezi kusemea ukoo katika baraza hilo, mpaka kosa lisafishwe kwa desturi. Na kama hawezi kuusemea ukoo, basi dole gumba lake kwenye karatasi ile halina nguvu. Na kwa kuwa watoto wametekwa na mtani wala hawajakombolewa, mwenye kusema wakae wapi ni mtani.

"Wakae walipotekwa," alisema dresa. "Kwa mama yao. Mimi nitakuja kuwaangalia mateka wangu."

Bwana Shauri alipoeleweshwa hakufurahi. Alisema, kupitia karani, kwamba desturi anaiheshimu lakini desturi haizimi moto, na kama mtoto ataungua tena nani atajibu? Lilikuwa swali zuri, nakiri. Hapo mama akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwambieni atujibu yeye kwanza. Amepata watu wa kuwachukua wanangu, na nyumba, na treni. Amepata sista, amepata dresa, amepata zumbe. Wote hawa wanaweza kuungana kuwaondoa watoto. Wameshindwaje kuungana kuja kujenga figa?"

Sista ndiye aliyesema kwamba mama amesema kweli. Alisema bila kutazama mtu. Bwana Shauri akatoa muda: mpaka mavuno ya mahindi. Atakuja mwenyewe kutazama.

Basi wakaungana, kwa shingo upande. Zumbe aliamuru wanaume wa ukoo wajenge jiko la kuinuliwa, la mawe na udongo, linalofika kiunoni, ili mtu akianguka aanguke kando na asianguke motoni. Tena alimsamehe mama ile kazi ya amri ya kuchimba matuta, ambayo kila mtu aliichukia. Dresa alileta vidonge kila juma na kusimama mpaka mama amevimeza, huku akimwambia ana sura ya nyani aliyeibiwa muhindi. Mwalimu wa shule aliniruhusu niende na mdogo wangu wa kike, akae chini karibu na dawati langu. Sista alileta maziwa ya unga, na mara mbili alikuja bila kitu, kukaa tu. Na wanawake wa jirani walipangwa kwa zamu, kila siku mmoja aje apike chakula chake kwenye jiko letu, mama asikae na moto peke yake.

Mama hakupenda. Alisema hataki kutazamwa kama mtama wa kuanika. Akaweka sharti lake: kila anayekuja zamu, kesho yake mama anakwenda kumlimia. Aliyekataa kulimiwa hakuruhusiwa kupika. Na kwa vidole vyake vilivyokunjwa alilima vizuri kuliko wao.

Lakini zamu ilikuwa na kasoro kubwa. Walikuja, wakapika, na mama alipoanguka wakakimbia. Mara ya kwanza ilikuwa zamu ya mama mkubwa mwenyewe. Nilirudi shule nikamkuta amesimama uani, na mama yuko peke yake ndani. Nilimtukana. Mtoto wa miaka kumi, nilimtukana mkubwa wangu matusi ambayo siwezi kuyaandika, na sijaomba radhi.

Dresa alipoambiwa, hakuhutubia mtu. Alingoja. Siku moja alikuwepo na vidonge vyake, makande yako jikoni, wanawake wanne wameketi uani wanamenya viazi, na mama akaanguka. Dresa akamlaza ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa, akawaonyesha: hivi, na usimshike meno, na subiri. Kisha akalifuta povu kwa kiganja. Akasimama, akaenda kwenye chungu, na kwa mkono ule ule akachota makande, akala. Akatafuna polepole akiwatazama mmoja mmoja. Mmoja alitapika. Mama mkubwa alipiga ukelele kama kuna msiba.

"Chumvi imepungua," alisema dresa.

Juma lililofuata wote walijitokeza kumwangalia dresa kama ameanguka. Hakuanguka. Juma la pili vivyo hivyo. Hakuna mtu mwingine angeweza kufanya lile jambo, kwa sababu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya machukizo, na watu wakishatazama machukizo ya mtani hawawezi kusema hawakuona.

Mavuno yakafika, na Bwana Shauri akaja kama alivyoahidi, na karani, zumbe, sista, na baba mkubwa ambaye alikuwa ameshasafisha kosa lake na amerudishiwa kauli yake. Tulifagia ua. Mama alivaa khanga yake nzuri. Bwana Shauri alitazama jiko, akaligonga kwa fimbo, akaangalia mguu wa mtoto, akaandika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Na pale pale, mbele yao wote, akiwa amebeba sinia la vikombe, mama akaanguka.

Nilikuwa mbali, karibu na migomba, na nilijua nisingefika. Nilisikia vikombe. Nikajisemea basi, imekwisha, wameona kwa macho yao.

Aliyefika kwanza ni mama mkubwa. Alipiga magoti kwenye chai na vigae, akamgeuza mama ubavu, akavua kilemba chake akakiweka chini ya kichwa. Povu lilipotoka alilifuta. Alikuwa anaomba Mungu kwa sauti, lakini alilifuta, akalifuta tena. Jirani mwingine alimbeba mtoto. Mwingine akasogeza vigae kwa mguu, akamwambia zumbe apishe hewa. Hakuna aliyempa Bwana Shauri amri, alisogea mwenyewe. Tulisubiri. Ilichukua muda, kama ilivyokuwa kawaida, na watu wazima wale wakubwa walisimama wakisubiri pamoja nasi, kofia mikononi.

Bwana Shauri alifunga daftari lake. Akasema jambo kwa Kizungu, na karani akatafsiri kwamba bwana ameridhika, hana la kuongeza.

Baba mkubwa akakohoa. Nafikiri alitaka awe yeye wa kulisema, ili lionekane limetoka kwake. Akanigeukia mimi, nikiwa nimeshafika na kuketi chini na kichwa cha mama mapajani, akasema, "Haya. Mimi kama mkubwa wa ukoo nimeridhia. Mnaweza kubaki."

Nilimjibu papo hapo. "Hatujakuomba."

Watu walishtuka. Mtoto wa kike, mbele ya zumbe! Nikahisi vidole viwili vilivyokunjwa vinanifinya paja. Mama alikuwa amefumbua macho. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, na maneno yakatoka moja moja.

"Huna adabu. Mwamkie kwanza baba yako."

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba."

"Haya," alisema mama. "Sasa mjibu."